Jina la Stephano

Usininyang'anye kisu, Yudith, viazi hivi nitavimenya mwenyewe hadi cha mwisho. Rudia tu alichosema dereva Darweshi kwenye simu, maana sikio langu la kushoto limeshastaafu. Eti kaka yako Eliya kapanda gari lake Mombo, kashuka stendi ya Lushoto, ana begi moja, hana sare, anakuja kwa miguu. Kafukuzwa jeshini. Na njia nzima amesema anakuja kumuuliza mdogo wake swali moja tu.

Kutoka stendi hadi hapa Irente ni saa moja kwa mtu mwenye hasira. Stephano, acha panga huko nje, ingia ukae. Sikilizeni wanangu, wala msinikatize. Pumzi niliyobakiwa nayo daktari ameipima, nami nimeipima, na kipimo changu ni kifupi kuliko chake.

Miaka ishirini na miwili nimekuwa sajenti wa kuandikisha vijana. Ninyi mnanijua kwa pensheni na magoti mabovu, kazi yenyewe hamkuiona. Meza moja kwenye uwanja wa shule, vijana wa milimani wamejipanga tangu alfajiri, wengine na viatu vya kuazima. Niliwamwagia maji miguuni wakanyage sementi kavu, niuone unyayo kama ni bapa. Niliwahesabu meno. Lakini kilichonipa sifa ni vyeti. Mtu akija na cheti cha mwenzake sikumuuliza kitu. Nilimwacha ainame kufunga kamba za viatu, kisha nikaliita lile jina nikiwa nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Mwenye jina hugeuka kabla hajafikiri. Mwazimaji hufikiri kwanza. Ndivyo nilivyomrudisha mtoto wa jirani yetu Beatha mbele ya uwanja mzima, akilia, na Beatha hajanisalimu mpaka leo. Nilimwambia sheria ni sheria. Siku zile nilikuwa na mdomo mzuri.

Eliya alipofeli kidato cha nne nilimwambia jeshini hapiti, na mimi sitampitisha. Stephano akafaulu, tukafurahi. Mwaka uliofuata Eliya akaja kuniambia amerudia mtihani akafaulu, jeshi limemchukua, amesailiwa mkoa mwingine ili watu wasiseme kabebwa na mama. Nikaona nimezaa mtoto mwenye heshima! Nikampigia viatu rangi, nikampa mkanda wangu. Mimi niliyesoma vyeti vya watoto wa watu hadi wino wa muhuri, wa kwangu sikumwomba hata karatasi moja. Niliona aibu kumkagua. Kiazi cha mwisho hicho, Yudith, vitie kwenye maharage.

Cheti cha Stephano kilikuwa kwenye sanduku la bati, na ufunguo alikuwa nao baba yenu Sefania. Alikitoa kwa mkono wake akampa Eliya, kisha akatuambia panya wamekila. Panya, jamani, ndani ya sanduku la bati! Nikaamini. Stephano alipokwenda kuomba chuo cha ualimu akaambiwa jina lake na namba yake ni za askari fulani. Akarudi, akanificha, akashika jembe. Mimi niliambiwa na Sefania mwenyewe siku tatu kabla hajafa. Akaniomba nimsamehe na nifunge mdomo, yote mawili kwa pumzi moja. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba nguo hiyo utaifua na kuipiga pasi miaka thelathini.

Miaka minne nilifunga mdomo. Nilimpigia Eliya mara tatu, ajitaje mwenyewe. Mara ya kwanza alilia. Mara ya pili akacheka: "Mama, Stephano ameshazoea kabichi." Mara ya tatu hakupokea.

Basi mwezi wa tatu niliandika barua jeshini. Ndiyo, Stephano, funga mdomo, inzi wataingia. Niliandika mimi, nikaweka jina langu, Jenoveva, sajenti mstaafu. Eliya anadhani ni wewe, na mtaa mzima utadhani ni wewe, ndiyo maana nasema sasa na siyo kesho. Msimtafute mchongezi nikishazikwa. Sikuandika kwa kumpenda mmoja kuliko mwingine. Niliandika kwa sababu nikifa, mwenye kujua na kuthubutu hayupo.

Nipe maji, Yudith. Nyumba hii na ng'ombe ni vyako, na hutafukuzwa na mke wa mtu. Shamba la Malindi, huku huku Lushoto, lote, la juu na la bondeni, ni la Stephano. Mikaratusi ya mpakani...

Huyo hapo mlangoni. Marahaba, Eliya. Weka begi chini. Usimtazame mdogo wako hivyo, swali lako niulize mimi.

"Barua kaandika nani?"

Mimi.

"Mama? Wewe mama yangu?"

Mimi mama yako. Ulinidanganya nikiwa nakupigia viatu rangi, na leo wewe ndiye unayelia kusalitiwa? Keti. Mikaratusi ya mpakani ni yako, lakini hukati hata mti mmoja mpaka umekwenda na Stephano ofisi ya elimu, umesimama, umesema kwa mdomo wako jina hili si langu, ni la huyu. Na mkitoka huko mpite kwa Beatha. Mwambieni nimekosa. Mimi miguu haifiki tena.

Yudith, pakua. Sahani nne. Maharage yasipungue kwa mmoja yakazidi kwa mwingine. Eliya, inama unawe mikono kwenye beseni, nigeuzie mgongo.

Stephano.

Mmeona? Vimegeuka vichwa viwili.

Inama tena. Sauti yangu... ngoja. Eliya. Maji tu ndiyo yanayodondoka. Eliya. Nilikupa jina hilo mimi, nikiwa na miaka ishirini na nne, kabla sijawa sajenti wa mtu yeyote. Eliya, mwanangu.

Haya. Umegeuka.

Yudith yupo. Stephano yupo. Eliya yupo. Mungu aliyenihesabia pumzi awahesabie ninyi siku nyingi kuliko zangu, na asimwache mmoja nje ya mlango. Mimi sili, nitawatazama tu. Msogezee chumvi ndugu yako, Stephano. Kuleni. Vinapoa.