Vilimaina Nadruku na Kifuu cha Milimita Kumi na Nne

Nina miaka themanini na mmoja. Nimeviona vimbunga kumi na tisa vikija na kuondoka, malori manne ya miwa yakifa kwa kutu, na makatibu sita wa Chama cha Wakulima wa Miwa wa Bonde la Waidamu wakiaga. Yuko pia daktari aliyeniambia mwaka mmoja kwamba Krismasi sifiki. Ambaye hakufika ni yeye. Nayataja haya mwanzoni ili msomaji ajue kwamba nikimsifu mtu, nimeshaona watu wa kutosha wa kumlinganisha nao.

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Bi Vilimaina Nadruku anastaafu baada ya kukitumikia chama chetu miaka thelathini na mitatu. Bonde zima humwita Nei, yaani shangazi, hata wale waliomzidi umri. Mimi peke yangu namwita Vili, kwa sababu nilikuwepo siku anaajiriwa na ni mimi niliyemwonyesha kisima kiko wapi. Katibu alitaka habari hizi ziandikwe na mwalimu. Nikamwambia mwalimu huyo amekuja bondeni juzi, hata mafuriko hajayaona. Mimi nimekuwa nyapara wa genge la wakata miwa miaka arobaini na minne. Shule nilisoma madarasa mawili na nusu, na hiyo nusu ndiyo ninayoitumia hapa.

Vili aliajiriwa kufagia ofisi na kuchemsha chai. Nyuma ya ofisi, juu ya kilima, kilikuwepo kipimo cha mvua, kopo la shaba lenye mdomo wa mviringo, lililozungukwa na uzio wa waya. Karani wa wakati huo alikuwa akikisoma kwa mbali, kupitia dirishani, na siku nyingine alikisoma akiwa nyumbani kwake amelala. Wiki ya pili Vili akamwambia, "Bwana karani, jana umeandika milimita nne na mimi nilianua nguo zangu zikiwa kavu." Karani akamtupia daftari. Tangu hapo daftari halikutoka mikononi mwake.

Kila siku saa tatu kamili asubuhi. Siku ya harusi yake alipanda kilima akiwa amejifunga masi, lile vazi la magome la maharusi, na mchungaji na bwana harusi wakasubiri kanisani mpaka aandike milimita mbili. Siku ya kumzaa binti yake alisoma kipimo saa tatu, akajifungua saa sita. Kimbunga kimoja kilipokuja tulimfunga kamba kiunoni, tukaishika watu wanne, na mwisho wa kamba, mahali panapotaka mtu mzito, nilikuwepo mimi.

Kilichokuwa kikinishangaza ni kiangazi. Miezi inapita bila tone, naye anapanda kilima vilevile.

"Vili, unakwenda kusoma nini huko? Mbingu imekauka kama roti ya jana."

"Sifuri nayo inataka mtu wa kwenda kuiona, Nyapara."

Nikacheka sana. Baadaye niliacha kucheka, na sababu naieleza.

Miaka saba iliyopita ilikuja bima ya hali ya hewa. Kabla ya hapo, miwa ikilala kwenye maji tulikaa kumsubiri mtu wa serikali aje na fomu, na alipofika miwa ilikuwa imeoza na sisi tumezeeka. Bima hii haimtumi mtu kuja kutazama shamba. Inatazama kipimo tu. Mvua ikipita milimita mia tatu kwa siku tatu mfululizo, kila mwanachama aliyejiandikisha analipwa ndani ya wiki mbili. Isipofika, halipwi mtu, hata kama kambale wanazaliana shambani kwako.

Mabwana waliotumwa kutuuzia walianza na utamu na uchungu wakautia mfukoni. Vili alipopewa kazi ya kuieleza alianza na uchungu. Aliketi kwenye mkeka mbele ya bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha kijivu cha mizizi kinachonywewa kwa kifuu cha nazi, kwa sababu kwetu jambo halisemwi koo likiwa kavu, akasema kwa Kihindi chetu cha mashambani, ambacho anakisema vizuri kuliko wanangu, "Jamani, upo mwaka mtakaolia na msilipwe. Anayeweza kuvumilia mwaka huo na ajiandikishe. Asiyeweza, tunywe naye tu."

Nikamwuliza mbele ya watu, "Kwa hiyo Mungu akinyesha mvua, wewe ndiye karani wake?"

"Akinyesha ananyesha mwenyewe, Nyapara. Mimi nasoma tu alichomimina."

Mwaka wa kwanza walijiandikisha arobaini. Alizunguka nyumba hadi nyumba, akivuka mto viatu vikiwa kichwani, na kila nyumba ilimlisha, akanenepa mpaka farasi wa ofisi akaanza kumkwepa. Mwaka wa pili tulikuwa familia mia mbili na kumi na mbili. Mimi nilikuwa wa mwisho. Mtu wa maana hakimbilii mambo.

Mwaka huohuo wa pili, mwezi Februari, mvua ikaja.

Siku ya kwanza kipimo kilisema tisini na tisa, siku ya pili mia na ishirini. Mto ulipanda ukaingia mashambani, reli ya miwa ikazama, na miwa ya bonde zima ikalala ndani ya tope kama nywele za mtu aliyelowa. Genge langu lilikuwa limekwama ofisini kilimani, pamoja na wake zetu na kuku. Tulikunywa yaqona kwa sababu hapakuwa na kazi nyingine, na kila mtu alikuwa akihesabu. Mia mbili na kumi na tisa. Tunataka themanini na moja ili tufike, na moja zaidi ili tupite. Kwa kila familia pesa ya bima ilikuwa ndiyo mbegu ya kupanda upya. Bila malipo hayo, nusu ya bonde lingehamia mjini kubeba mizigo bandarini, na shamba la Vili mwenyewe, eka tatu alizoachiwa na marehemu mumewe, lilikuwa la kwanza kuzama.

Sasa inabidi niseme jambo moja kuhusu sisi wakata miwa. Miaka yote tumeamini kwamba mizani ya kiwandani inatupunja. Kama ni kweli au si kweli, mimi sikuwahi kuingia ndani yake. Lakini tangu babu zetu, mzigo haujaenda kwenye mizani bila kuongezwa kidogo, majani yenye tope, mashina yenye udongo. Hatukuuita wizi. Tuliita kusawazisha.

Basi siku ya tatu, kama saa mbili asubuhi, nilitoka nje na kifuu changu cha yaqona mkononi. Nikakitazama kipimo. Nacho ni mizani, nikasema moyoni, na mizani yoyote itakuwa inapunja. Nikakimimina kifuu changu ndani yake.

Saa tatu Vili akapanda kilima. Akafungua kipimo, akamimina maji yake kwenye chupa ya kupimia, akayanyanyua kwenye mwanga. Mvua ya Waidamu haijawahi kuwa na rangi ya kijivu. Akanusa. Akachovya kidole akaonja.

Akaja mlangoni. "Nani ameikaribisha mbingu yaqona?"

Apakuki, mkataji wangu hodari ambaye mdomo wake haujui kufungwa, akacheka mpaka akapaliwa. Wengine wote wakanitazama mimi. Mke wangu Dhanraji akageukia ukuta.

"Chupa inasema tisini na tatu," Vili akasema. "Lakini si mvua yote. Nyapara, njoo na kifuu chako."

Akanipeleka kwenye kipimo, mvua ikitupiga wote wawili, na genge zima likatufuata. Akakimwaga kikawa kitupu, akakifunika mdomo kwa mwavuli, akaniambia nimimine kifuu kama nilivyomimina. Sasa kwetu anayegawa yaqona humwuliza mnywaji: kupwa au kujaa? Kupwa ni nusu kifuu. Kujaa ni hadi ukingoni. Vili akauliza kwa sauti ya kazi, "Kilikuwa kupwa au kujaa?"

Akapima vyote viwili tusikie. Kupwa ilitoa milimita saba. Kujaa ilitoa kumi na nne.

Hesabu hiyo hata mimi wa madarasa mawili na nusu niliiweza. Ukitoa saba, inabaki themanini na sita, na jumla ya siku tatu ni mia tatu na tano. Tunalipwa. Ukitoa kumi na nne, ni mia mbili tisini na nane. Hatulipwi. Pungufu ya milimita tatu.

"Kupwa!" Apakuki akapiga kelele. "Nei, kilikuwa kupwa, mimi nilimwona!"

"Ulikuwa umelala," Vili akamwambia.

"Niliota namwona!"

"Mzee, sema kupwa," wakaninong'oneza nyuma. "Sema kupwa tukalale."

Vili hakunisihi wala hakunitisha. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni na kalamu yake ilikuwa chini ya kipande cha plastiki, inasubiri. Kule bondeni nililiona paa la jiko lake likitoka majini, paa peke yake. Angeweza kunisaidia kwa kukohoa tu.

Nikasema, "Miaka themanini karibu naingia, na hakuna mtu wa bonde hili aliyewahi kuniona nikimimina kupwa. Kilikuwa kujaa. Tena kilifurika."

Akaandika. Sabini na tisa. Chini yake akaandika maneno ambayo alinisomea kwa sauti: "Kifuu kimoja cha yaqona, kujaa, kimemiminwa na Jagnarayan nyapara. Kimetolewa."

Siku ile sikupewa mchuzi. Nilipewa roti kavu, na Apakuki alinipa mgongo, mtu ambaye hajawahi kunipa mgongo bila sababu ya kutafuta kiberiti. Vili alisimama akawaambia wote, "Siku tatu zinahesabiwa upya kila asubuhi. Kesho tunaanzia ile mia na ishirini. Tunataka kupita mia na moja." Akaketi kwenye kiti mbele ya uzio wa waya, na mtu asikaribie. Hata mimi nilipompelekea chai aliniambia niiweke chini kwa mbali nirudi nyuma hatua tano. Tulikaa tunaomba mvua ile ile iliyotuharibia. Sijawahi kuona watu wakiomba hivyo.

Saa tatu kamili ya siku ya nne alifungua kipimo, akamimina, akanyanyua chupa. Maji safi. Akasoma mara mbili, akamwita Apakuki naye asome.

"Mia na nne," Apakuki akasema, halafu akakaa chini matopeni.

Mia tatu na tatu. Kuku waliruka kwa kelele zetu.

Lakini haikuishia hapo. Bima ilimtuma Bwana Faiyaz kutoka Suva, mji mkuu wetu, kwa sababu hakuna ofisi duniani iliyowahi kupokea taarifa ya mvua yenye yaqona ndani yake. Katibu akasema Vili ametuponza kwa kuandika ukweli wote. Bwana Faiyaz alikaa na madaftari siku nzima, miaka ishirini na minane ya saa tatu asubuhi, sifuri kwa sifuri. Akalinganisha na vituo vya jirani. Jioni akaniuliza, "Mzee, ni kweli ulimimina?"

"Kujaa," nikamwambia.

Akafunga daftari. "Mtu aliyeandika hili hawezi kuwa amedanganya mengine." Malipo yalikuja siku ya tisa. Mwezi wa Aprili bonde zima lilikuwa linapanda, na hakuna familia hata moja iliyohama. Hata moja.

Tangu hapo bima imelipa Waidamu mara mbili zaidi, na haijamtuma mtu tena kutukagua. Mabonde matatu ya jirani yameomba Vili awafundishe wasomaji wao, naye amewafundisha, na somo la kwanza huwa ni kiangazi. Anawapandisha kilimani wakaandike sifuri. Nami sipakii tena majani yenye tope kwenye mzigo. Kiwandani wameona tofauti, ingawa hawajanishukuru.

Ijumaa genge litamkabidhi Vili mkeka mzuri, jino la nyangumi, ambalo kwetu ni heshima kuliko zawadi zote, kutoka kwa wazee wa kijiji chake, na kitu kimoja kutoka kwangu: kile kifuu chenyewe. Apakuki amekichonga mstari kwa ndani, na kando ya mstari ameandika kumi na nne. Tutampa kinywaji cha kwanza kwa kifuu hicho, na hatutamwuliza ni kiasi gani.

Vili, asante kwa asubuhi zote. Ukae barazani saa tatu ikipita bila kuondoka kitini, eka zako tatu zisimame wima, mvua ikunyeshee kwa wakati na kwa kiasi, na uishi miaka mingi kuliko daktari wako kama mimi nilivyoishi kuliko wangu.

Kwa atakayesema nimeongeza chumvi, Apakuki yupo, na Dhanraji bado ananikumbusha ile roti kavu. Lakini hao ni watu wangu. Basi na aende ofisini, afungue daftari la kumi na moja, mwezi wa Februari, ukurasa wenye doa la tope. Jina langu lipo pale kwa mwandiko wa Vilimaina Nadruku, na huyo hajawahi kumwongezea mtu hata milimita moja.