Gundi na Kitabu Kisicho na Majibu

Sindano bado imechomekwa. Uzi umepita tundu la kwanza, la pili na la tatu. Tundu la nne bado. Iko mezani, wasikilizaji wapendwa, vilevile ilivyoachwa Jumatatu jioni, na aliyeichomeka hayupo tena.

Mwenye sindano alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Alishona vitabu vilivyochanika na kuvivika majalada mapya. Alifanya hivyo miaka thelathini na moja, katika chumba cha nyuma cha kiwanda cha uchapaji. Watu walimwita Gundi, kwa sababu vidole vyake havikuwahi kukauka sawasawa. Ukimpa mkono, mliachana kwa taabu. Mwenyewe alikuwa akisema salamu yake haina haraka.

Gundi aliishia darasa la saba. Mengine alijisomea hapo hapo kazini, wakati anasubiri gundi ishike. Leo alisoma kitabu cha magonjwa ya ng'ombe, kesho cha sheria za ardhi. Vyote aliviacha nusu, maana wenyewe walikuja kuvichukua. Dada yake anamkumbuka hivi: "Kaka alijua mwanzo wa kila jambo. Mwisho ulikuwa unaondoka na mteja."

Dada huyo ni mfuaji nguo hospitalini, na ana binti mmoja wa miaka kumi na minane. Mwaka jana binti alifanya mtihani wa kujiunga na chuo. Alikosa kwa alama nne. Mtihani ule mtu hufanya mara mbili tu, wasikilizaji wapendwa. Mara mbili, basi. Mwaka huu ndiyo nafasi yake ya mwisho.

Baada ya kukosa, binti alipungua maneno. Ukimuuliza atakula nini, anasema chochote. Ukimuuliza atasomea nini, anakwenda kufagia.

Mjomba hakumsema. Alianza kuokota mitihani ya miaka iliyopita, karatasi moja moja, kwa walimu waliokuwa wakileta kazi kiwandani. Maswali na majibu yake. Zilipokuwa za kutosha, alizipanga, akazishona, akazipeleka kwenye mashine ya kukatia, akazitia jalada la bluu. Kitabu kinene, kingo zake zimenyooka kama ukuta mpya. Akampelekea mpwa wake akiwa amekifunga ndani ya shati safi.

Binti akakaa nacho wiki tatu. Kila swali alilofanya, akifunua nyuma kutazama jibu, amekosa. Anarudia, amekosa tena. Wiki ya tatu alimwambia mama yake kwamba sasa ana uhakika, kichwa chake hakina kitu, na mjomba asisumbuke zaidi.

Gundi alikuja jioni ile, akavuta kiti, akaomba asomewe swali moja tu. Lilikuwa la tangi la maji. Bomba la kwanza hulijaza kwa dakika thelathini, la pili kwa dakika ishirini. Yakifunguliwa yote mawili, litajaa kwa dakika ngapi? Binti alikuwa amepata kumi na mbili. Kitabu kilisema arobaini na tano.

Mjomba alimgeukia mpwa wake. Kisha akauliza, polepole, kama kawaida yake:

"Mama, bomba moja peke yake linamaliza kwa dakika thelathini. Sasa yakisaidiana mawili yachukue arobaini na tano? Yanagombana?"

Binti akacheka. Mama yake anasema hakuwa amesikia kicheko kile tangu mwaka jana.

Mjomba yeye hakucheka. Alikuwa ameshakichukua kitabu, anapapasa kingo kwa kidole gumba. Kumbe alizipanga zile karatasi kifundi. Alizipanga kwa ukubwa, si kwa mwaka, ili kitabu kikae sawa. Majibu ya mwaka mmoja yakaangukia nyuma ya maswali ya mwaka mwingine. Na mwaka wenyewe ulikuwa umechapwa juu kabisa ya kila karatasi, pale alipopitisha kisu cha mashine ili pawe pazuri. Miaka yote ilibaki sakafuni kiwandani, pamoja na vipande.

"Wiki tatu umepata," akamwambia. "Aliyekosa ni mimi. Nisamehe, mama."

Hapo hapo alitoa wembe, akakata uzi wote. Kitabu kikawa mafungu manane. Kurasa za majibu akazitoa, asizirudishe kamwe. Mahali pake akaweka karatasi nyeupe. Akaweka na utaratibu: kila jioni, akitoka kazini, binti atamweleza maswali, moja baada ya jingine. Mjomba akielewa, atasema, "Imeshika." Asipoelewa, atasema, "Bado mbichi," na watarudia. Fungu likiisha lote, ndipo atalishona.

Swali la ngazi iliyoegemea ukuta lilibaki bichi siku nne. Siku ya tano binti aliegemeza rula kwenye kopo la gundi, akaeleza kwa mkono, na mjomba akaelewa. Mafungu sita yakashonwa. La saba alianza kulishona Jumatatu, kwa furaha tu, kabla halijaisha. Lilikuwa limebakiza maswali matano. Alipofika tundu la tatu akajikumbusha utaratibu wake mwenyewe, akaacha sindano.

Jumanne asubuhi, akifunga kamba za viatu aende kazini, moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Baada ya mazishi binti alifunika kitabu kwa lile shati. Mtihani ulikuwa umebakiza siku tisa. Alisema hataufanya. Nani atamwambia imeshika?

Mama yake alikwenda kukaa kwenye kiti cha kaka yake. Mikono yake ilikuwa bado inanuka sabuni ya kazini. "Hesabu sijui," akasema. "Lakini na yeye alikuwa hazijui. Nieleze mimi."

Kwa niaba ya wote wa kituo hiki, tunawapa pole dada wa marehemu, mpwa wake, na mafundi wenzake wa chumba cha nyuma. Mungu amlaze mahali pema. Nasi tuliobaki tujiulize: nyumbani kwetu yuko nani anayeamini hana akili, na nani kati yetu ameketi kumsikiliza aeleze, hata kwa jioni moja?

Tulipofika kuwatembelea jana, tuliwakuta mezani. Siku zilikuwa zimebaki sita, na maswali ya fungu la saba yalikuwa yamebaki mawili. Binti alikuwa akieleza habari ya magari mawili yanayotoka miji tofauti. Mama yake alisikiliza hadi mwisho, kidole shavuni.

"Bado mbichi, mwanangu," akasema.

Binti hakununa. Alifuta mchoro, akachora barabara upya, akatazama saa. Mama alikuwa na zamu. Basi binti akaweka penseli katikati ya ukurasa, pembeni ya sindano, akasema kesho wataanza na hilo.