Goti Lililokataa Kusujudu

Assalamu alaikum, ndugu zangu, na akina mama mlioketi huko nyuma. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenifikisha hapa kwa miguu yangu, ingawa mmoja umekuwa ukinung'unika tangu getini. Mwenyekiti ameniomba niwaeleze habari ya goti langu, kwa sababu wazee wengi wa msikiti wetu wameanza kubaki nyumbani kwa ajili ya miguu. Nitaeleza, lakini sitamtaja mtu kwa jina.

Mnanijua kama mwalimu wa madrasa na muuza mbuzi kule Kisaju. Wachache wanajua kwamba katika miaka ya tisini, nikiwa nimeshapita arobaini, nilianza kunyanyua vyuma. Tulikuwa na uwanja wetu Noonkopir, nyuma ya karakana ya jirani yangu Mmaasai anayechomelea mageti. Chuma chetu kilikuwa ekseli ya lori. Uzito wa kila upande tuliumimina wenyewe kwa saruji ndani ya karai, kisha tukaukaza kwa ukanda wa tyubu ya gari ili usiteleze. Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilipoweka ekseli ile mabegani, nikachuchumaa na kuinuka nayo, nilimshukuru Mungu kwa mwili wangu kuliko nilivyomshukuru kwa mbuzi wangu wote.

Asubuhi moja nikiwa nimechuchumaa chini kabisa, ukanda wa upande wa kushoto ulikatika. Saruji ikaanguka, ekseli ikalalia kulia, na goti la kulia likajipinda. Nilisikia mlio kama wa ukuni mbichi unaovunjwa. Jirani akairukia ekseli akaishika.

"Maalim, uko sawa?"

"Niko sawa," nikamwambia, na nilipojaribu kusimama nikakaa tena.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza, na sitawaficha, ilikuwa ya kuudhika zaidi kuliko ya maumivu. Kila mtu alikuwa na dawa. Mmoja alileta mafuta ya ngamia, mwingine mafuta ya kondoo, na kila aliyenikanda aliapa kwamba ni mwenzake wa kabla yake aliyeniharibu. Nikaenda hospitali Kajiado. Daktari akatazama, akapima, akasema gegedu la ndani limechanika.

"Mzee, uko na miaka ngapi?"

Nikamwambia.

"Basi wacha hizo vyuma. Tembea polepole, na ushukuru."

Nilishukuru mpaka mlangoni. Kutoka mlangoni mpaka stendi niliudhika.

Lakini chuma ningeweza kukiacha. Kilichoniumiza ni sala. Goti halikukunjika. Nikawa naswali kwenye kiti cha plastiki mwisho wa safu, nikiinamisha kichwa tu pale wenzangu wanapoweka paji la uso chini. Niliwaza: je, nitakufa bila kusujudu tena kama mtu mwenye viungo vizima? Na wema wa watu ulinimaliza kabisa. Kila nikifika nilikuta kiti kimeshawekwa, kimepanguswa vumbi. Rafiki yangu mmoja, Mungu amhifadhi, alizoea kunong'ona, "Chifu amewasili." Nilicheka naye. Moyoni nilitaka kukirusha kile kiti barabarani.

Ijumaa moja nilikisukuma kando. Nikasimama safu ya kwanza kama zamani, nikalikunja goti kwa nguvu, nikasujudu. Ndugu zangu, paji langu liligusa mkeka na machozi yakanitoka, sijui kwa furaha au kwa uchungu. Imamu akasema Allahu akbar, safu nzima ikainuka, mimi nikabaki chini. Goti lilikuwa limejifunga. Aliyekuwa kando yangu aliniambia baadaye kwamba alidhani nimezidiwa na ucha Mungu. Baada ya salamu wakaniinua watu wanne kama jeneza, wakanipeleka nyumbani.

Goti lilivimba kama boga. Mke wangu alikuwa akiweka kitambaa cha maji baridi, wala hakupandisha sauti.

"Si ni wewe unafundisha watoto kwamba mgonjwa aswali akiwa ameketi?"

"Ni mimi."

"Hiyo ruhusa Mungu alipea kila mtu isipokuwa wewe?"

Nilipekua akilini vitabu vyote nilivyosoma, vyote vilikuwa upande wake. Akaongeza, "Kesho tunarudi Kajiado. Na hii mara utasikiliza."

Safari hii hospitalini walinipeleka kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo. Alilibonyeza goti, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Unataka lifanye nini?"

Nikamwambia nataka kusujudu, na Mungu akipenda, ninyanyue tena.

Hakucheka. Akavuta kiti. "Kaa. Sasa simama bila kushika. Polepole. Tena. Ukiweza hii bila kuumwa tutashusha kiti."

Yaani mtu aliyebeba ekseli ya lori akafundishwa kusimama kutoka kwenye kiti. Nilifanya hivyo nyumbani asubuhi na jioni, miezi na miezi, na nilichukia kila mara. Kuna wiki goti lilirudi nyuma bila sababu, nikaanza upya. Jirani yangu alikuja kunitazama, akasimama mlangoni na kunisalimu kwa Kimaasai.

"Supa, Maalim. Bado unapigana na kiti?"

"Ipa. Bado kinanishinda."

Siku iliyofuata aliniletea stuli fupi aliyoichomelea mwenyewe. Baadaye akaleta nyingine fupi zaidi. Hivyo nikashuka kidogo kidogo, mpaka alfajiri moja, nikiwa chumbani peke yangu, nikaswali chini. Nilipoinuka nilijiegemeza kwa mkono, taratibu kama ngamia. Lakini niliinuka.

Leo hii goti halijawa lile la zamani, na halitakuwa. Baridi ya Julai goti huijua kabla yangu. Nanyanyua ekseli tupu, bila saruji, na siku nyingine nayo hunishinda. Namshukuru Mungu, namshukuru mama yule wa Kajiado, jirani yangu na stuli zake, mke wangu kwa swali lake, na ninyi mliopangusa kile kiti bila kuchoka.

Wazee wenzangu, msibaki nyumbani. Kukaa kwenye kiti kumeruhusiwa, na Mungu hakuna sala anayoipunguza kwa ajili ya goti. Na mwenye kutaka kujaribu kushuka, amwone daktari kwanza, kisha aje uani kwangu kesho baada ya alfajiri. Tutakaa na kusimama, basi, hakuna kingine. Mtaudhika sana. Mimi bado naudhika, na kesho nitakuwepo.