Kavindu wa Maktaba ya Tena, Aliyenifundisha Kunyamaza

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Wazee wangu, heshima zenu. Vijana, niaje. Na wewe uliye jikoni na redio juu ya kabati, punguza moto kidogo tuongee. Ni mimi Mutisya, yule yule wa mdomo usio na breki. Leo sina utani mwingi. Leo tunamkumbuka Kavindu Matheka.

Kavindu Matheka, mkutubi wa maktaba ndogo ya mtaa wa Tena. Alituacha Jumanne ya wiki jana, baada ya kuugua miezi mitatu. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Tulimzika Jumamosi nyumbani kwao Mwala. Nilikuwepo. Nililia mpaka mdogo wake, Ndindi, akaniuliza kama nilikuwa nimekuja kuwafariji wao au wao ndio wanifariji mimi.

Kazi yake ilikuwa hii. Alifundisha watoto kutengeneza gemu za video ndani ya maktaba. Nasema kutengeneza. Sikusema kucheza. Neno hilo moja, jameni, mimi lilinipita, na karibu nimwangushe mama wa watu na kazi yake yote. Nitafika hapo. Sitajificha.

Kavindu alizaliwa kwa mchonga vinyago. Ndindi alinisimulia tukiwa tumekaa nyuma ya nyumba siku ya mazishi. "Baba akimaliza kuchonga twiga, alimpa mtoto mdogo na kumwuliza, huyu ni nani? Halafu ananyamaza. Mtoto akisema ni mbuzi, baba habishani. Anarudi kwa patasi."

Kavindu akakua, akaja Nairobi, akawa karani wa kampuni ya malori kwa miaka ishirini na miwili. Alipostaafu akapewa maktaba ya Tena. Ni vyumba viwili juu ya ukumbi wa mtaa. Vitabu vilikuwepo. Wasomaji ndio hawakuwepo. Watoto walikuja wakati wa mitihani, wakanakili, wakaenda. Na ng'ambo ya barabara palikuwa na banda la pleisteshoni, limejaa pomoni.

Mwingine angesimama dirishani akalaani kizazi hiki. Kavindu alivuka barabara. Mama mzima, na sketi yake ya ofisini, akaketi kwenye benchi katikati ya vijana. Akawauliza, "Huyo mchezaji wenu kwenye skrini, nani alimwambia hawezi kupita kwenye ukuta?"

Vijana wakatazamana. Mmoja akasema, "Ni gemu tu, matha."

"Najua ni gemu. Na gemu iliambiwa na nani?"

Wakarudi kuitazama skrini. Akawaambia, "Basi njooni kwangu Jumamosi tumtafute huyo mtu." Walikuja watano. Naambiwa wawili walikuja kumcheka.

Wakati huo maktaba haikuwa na kompyuta hata moja. Kavindu alianza na katoni za viatu. Mtoto anachora gemu yake ndani ya katoni. Vifuniko vya soda ni maadui. Wahusika ni vipande vya mti vilivyobaki katika karakana ya baba yake Kavindu. Sheria za gemu zinaandikwa kwenye kadi. Halafu mtoto mwingine anakuwa mashine. Na mashine haina akili, wasikilizaji wapendwa. Inafanya kilichoandikwa, basi. Kadi ikisema "songa" bila kusema hatua ngapi, shauri yako. Kijana mmoja anaitwa Mursal, aliyekuwa mashine siku nyingi kuliko wote, alibeba kipande cha mti akasonga nacho, akatoka mlangoni, akashuka ngazi, kwa sababu kadi haikusema asimame. Walimpata huko nje kwa muuza mahindi, bado anasonga.

Watoto walicheka wakashika mbavu, kisha wakafuta, wakaandika upya. Umeona mtego huo? Mtoto aliyekataa kuandika insha ya nusu ukurasa sasa anaandika sentensi moja mara sita mpaka inyooke. Na anayetengeneza gemu ya mamba lazima ajue mamba anakula nini, kwa hiyo anaenda kwenye rafu mwenyewe, bila kufukuzwa. Kompyuta nne za mitumba zilipofika mwaka wa pili, kazi walishaijua. Walihamisha sheria zao kwenye skrini tu, na kila gemu mpya bado ilianzia kwenye katoni.

Ukutani aliandika sheria moja kwa herufi kubwa. MTENGENEZAJI ANYAMAZE. Maana yake ni hivi. Mwenzako anapojaribu gemu yako, wewe husemi kitu. Akikwama, unahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Ukifika kumi ndipo unamwuliza ameona nini. Na akishindwa kabisa, kosa si lake. Rudi ukaitengeneze gemu yako.

Sasa nije kwa Hibaq.

Miaka mitatu iliyopita Hibaq alikuwa na miaka kumi na mmoja. Darasani akiambiwa asome kwa sauti, herufi zilimkimbia. Wenzake wakacheka, akaacha kabisa kufungua mdomo. Mama yake ni Shamso, muuza vitambaa kule Kayole. Aliambiwa na watu wanaojiita wajuzi kwamba mtoto huyu kusoma hatawahi. Kwa Kavindu, hakuna aliyemwambia Hibaq asome. Alikuwa anatengeneza gemu. Ila gemu inataka kadi, na kadi inataka maneno. Kadi ya kwanza ilimchukua wiki nzima. Ya pili, siku tatu. Baada ya miezi minne alikuwa na kadi kumi na saba.

Ndipo nikaingia mimi, na ulimi wangu usio na mfupa.

Msikilizaji mmoja alinitumia ujumbe. Alisema watoto wa Tena siku hizi wanaenda maktaba kucheza gemu. Je, nilienda kuangalia? Sikwenda. Nilipiga simu? Wapi! Nilishika maikrofoni hii hii nikapiga domo dakika tano. "Maktaba imegeuka kasino! Wazazi, mko wapi?" Nilijisikia shujaa. Jumamosi iliyofuata, kati ya watoto kumi na tisa, walikuja wanne. Hibaq hakuwa kati yao. Shamso alikuwa amesikia redio dukani kwake.

Jumatatu nikaambiwa kuna mama ananisubiri mapokezi. Nikajua leo nimekwisha. Nilijiandaa kutukanwa. Kavindu aliweka katoni ya viatu mezani, akasema, "Cheza." Hakusema lingine.

Nikacheza. Ndani kulikuwa na ngazi zilizochorwa za kupanda, nikakwama hapo hapo mwanzoni. Nikamwuliza, "Nifanyeje?" Kimya. "Mama, si unisaidie?" Kimya. Nikamtolea vichekesho vyangu vyote, hata vile vya Krismasi. Kimya. Mnanijua, mimi nikiona kimya nakijaza, ndiyo kazi inayonilisha. Mwishowe, kwa kukosa la kusema, nikaigeuza kadi ya kwanza. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa kupinda pinda, "Soma kadi kabla ya kupanda."

Lo! Nilikuwa napanda bila kusoma, kama nilivyopayuka hewani bila kuona. Kavindu akasema taratibu, "Aliyeandika kadi hiyo ana miaka kumi na mmoja. Mama yake amemtoa kwa sababu yako. Tangu siku hiyo hajashika kalamu."

Nikamwambia nitaomba radhi hewani, leo leo.

"Omba, ni vizuri. Lakini mdomo kwako ni rahisi, Mutisya. Mimi nataka miguu. Nenda Kayole kwa Mama Hibaq."

Nikaenda. Shamso aliendelea kukunja vitambaa vyake, hata hakunitazama. "Wewe ndiye wa kasino?"

"Ndiye, mama."

"Na leo imekuwa nini? Madrasa?"

Nilimwambia ukweli. Kwamba nilitangaza kitu ambacho sikuwa nimekiona. Akanitazama kutoka viatu mpaka kichwa. "Wallahi, mwanaume mzima." Halafu akasema atakuja Jumamosi mara moja tu, na akikuta upuuzi, yeye ndiye atakayenitangaza mimi.

Jumamosi akaja, na Hibaq nyuma yake, kichwa chini. Kavindu alimkaribisha, akamketisha, akamwekea katoni ile ile mbele yake. Mursal akawa mashine. Gemu yenyewe inaitwa Gorofa ya Sita. Msichana anapandisha mtungi wa maji ngazi kwa ngazi, kwa sababu mifereji ya juu imekauka. Watu wa mtaa huu mnajua ngazi hizo, sina haja ya kuwachorea.

Shamso alisoma kadi ya kwanza, akapanda. Gorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, hasimami. Ya nne, maji yakamwagika. Akarudi chini. Akapanda tena mbio, yakamwagika tena. Mara ya tatu akasukuma katoni. "Gemu yenu imeharibika. Huyu msichana hafiki."

Hibaq alikuwa nyuma ya kiti cha mama yake, ameuma ncha ya mtandio. Nikafungua mdomo nisaidie. Kavindu alinitazama mara moja tu, nikaufunga. Nikaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Nilipofika sita, Shamso akaona kadi ya gorofa ya tatu aliyoiruka. Akaisoma kwa sauti.

"Ukichoka, weka mtungi chini upumzike. Mama hatakasirika."

Akaisoma tena, mara hii kimya. Akauliza, "Nani ameandika hii?" Hakuna aliyejibu. Sheria ni sheria. Akageuka. "Hibaq?"

"Ni mimi, hooyo," akamjibu mama yake kwa Kisomali.

"Wewe? Peke yako?"

"Mashine haikumsaidia," Mursal akasema. Alikuwa bado kazini.

Shamso alirudi kwenye katoni. Akapanda mpaka gorofa ya tatu, akaweka mtungi chini, akapumzika, akaendelea, akafika juu bila kumwaga tone. Halafu akaomba kadi zote. Alisoma zote kumi na saba, moja moja, akipangusa macho kwa kitambaa cha dukani kwake, mpaka wakati wa kufunga. Kadi ile ya gorofa ya tatu aliomba aende nayo nyumbani. Kavindu akamwambia, "Chukua, Mama Hibaq. Atatuandikia nyingine."

Mimi Jumatatu nilirudi hewani nikasema nilikosea. Nilitumia dakika tano, kama zile zile nilizotumia kubomoa. Watoto walirudi, tena wakaongezeka. Na tangu hapo kila Jumamosi nilikuwa mjaribu gemu wa maktaba ya Tena. Watoto walisema mimi ni mjaribu mbaya kuliko wote, lakini wanahitaji mtu wa aina yangu, kwa sababu gemu nikiielewa mimi, kila mtu ataielewa. Kavindu alicheka mpaka akavua miwani.

Ningeweza kumlilia tu, lakini moyo wangu umejaa shukrani. Nashukuru kwamba hakunitukana siku ile. Nashukuru kwamba alivuka barabara. Nashukuru kwa kila mtoto aliyepanda zile ngazi akidhani anaenda kucheza, akashuka na kitabu kwapani. Na baba yake aliyechonga kimya kimya kule Mwala, tunamshukuru pia.

Kwa Ndindi na familia yote ya Matheka, poleni sana. Poleni na uchungu, poleni na safari, poleni na wageni wengi, mimi nikiwemo. Mungu amlaze mahali pema. Na wewe unayenisikiliza, mzazi, mwalimu, kaka mkubwa, nakuomba jambo moja wiki hii. Mtoto akikwama mbele yako, usimnyang'anye kalamu. Hesabu kwanza mpaka kumi. Kumi ni refu, najua, lakini jaribu.

Sasa, Ndindi alinipa ujumbe wa dada yake, aliouacha akiwa kitandani hospitalini. Kavindu alisema, "Salamu za mwisho redioni asome Hibaq. Na Mutisya anyamaze." Hibaq yuko hapa studio. Siku hizi yuko gredi ya tisa. Ameandika mwenyewe. Mama yake ameketi kando yake. Nuradin, fundi wangu wa mitambo, yuko nyuma ya kioo, na kwake kimya redioni ni dhambi. Nuradin, usiguse kitu. Na nyumbani ukisikia kimya, redio yako ni nzima. Karibu, Hibaq.

"Kwa familia ya mwalimu wetu tuliyemwita Tichee, Kavindu Matheka. Mimi ni Hibaq, wa Gorofa ya Sita. Tichee hakuniambia nisome. Aliniambia mashine haielewi, niiandikie vizuri. Nikaandika. Siku moja nikaona ninasoma. Tunawashukuru kwa sababu mli... mlitu..."

"...mlituazima. Mlituazima dada yenu miaka saba. Asanteni."

Nilifika nane, wasikilizaji wapendwa. Nuradin alikuwa anapunga mikono yote miwili. Mama yake Hibaq amefumba macho, nadhani naye alikuwa anahesabu. Neno lenyewe amelipata mwenyewe, na mmelisikia.

Kavindu, nimenyamaza. Asante, mama.