Ulimi Uliosema Bia Imeiva

Funga mlango, Wanzala, uketi hapa karibu na dada yako, nisilazimike kupaza sauti, maana pumzi niliyobakiwa nayo nataka initoshe kwa maneno haya. Sikilizeni wanangu, wala msiniambie nipumzike. Kupumzika kunakuja kwenyewe.

Jumamosi mnawaita watu kiwandani kwenu Kawangware waonje bia mpya ya wimbi, huu ulezi wetu, na uso wangu mmeubandika kwenye chupa. Kila Ijumaa mmeniletea glasi hapa Mashimoni, kwa sababu kwetu pombe haitolewi kwa wageni mpaka mama mwenye chungu aionje aseme imeiva, na akishasema, hakuna mtoto wa kumpinga. Nami Ijumaa iliyopita nilisema imeiva. Wanangu, nilidanganya. Tangu nianze zile dawa za hospitali ulimi wangu umekufa. Pilipili na maji ya mfereji ni kitu kimoja kinywani mwangu. Ile bia sikuionja, niliimeza tu.

Na wewe, Sella, ulijua. Ulikunja uso ukasema, "Mathe, hii si iko na harufu ya unga imenyeshewa?" Nikakukaripia mbele ya kaka yako, nikakuuliza umezaliwa lini hata unifunze mimi pombe, nawe ukainamisha kichwa ukaniomba msamaha. Msamaha ule unaniuma kuliko huu ubavu. Ulimi wako ulio hai niliunyamazisha ili wangu uliokufa uheshimiwe. Nisamehe, mwanangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi kifo changu kingewaumbua nyinyi, mbele ya wageni wenu.

Sasa fanyeni hivi. Wanzala, kesho asubuhi nenda Kambi Muru kwa Mama Opondo. Usishtuke. Ndiyo, ni yule yule mpika pombe ya busaa niliyewakataza hata kumsalimia, kwa kuwa alisema mbele ya wateja wangu kwamba unga wangu haukukarangwa vizuri kabla ya kutiwa kimea. Niliwaambia ni mchawi wa biashara za watu. Si mchawi. Siku ile nilirudi ndani nikaonja tena, nikakuta amesema kweli, na hapo ndipo nilipomchukia. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Lakini msimpelekee glasi. Waliokosana hawatii mirija katika chungu kimoja, na yeye mila hiyo anaijua kama mimi. Hatagusa kitu chenye jina langu kabla hatujapatana. Mleteni hapa. Mimineni hiyo bia yenu katika chungu changu, mtie mirija miwili, mmoja wake, mmoja wangu. Mimi nitavuta, yeye ataonja. Akisema imeharibika, imwageni yote, hata kama wageni wako mlangoni, na uso wangu muubandue. Kisha Sella aonje baada yake, na tangu hapo ulimi wa nyumba hii ni wake, na chungu ni chake. Wanzala, mitambo na ile nyumba ya kiwanda mliyokodi kwa Mzee Kagiri simamia wewe, lakini dada yako akisema hapana, ni hapana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, baba, na ufa huu nimeutoboa mimi.

Nipe maji kidogo. Basi, yametosha.

Mnaniangalia mnajiuliza kwa nini nilidanganya. Kwa sababu mlikuwa mnakuja. Mlikuwa mnakaa hapa kitandani, wote wawili, mmeniangalia mdomo, mnangoja niseme. Nikaona mkijua sina ulimi tena, mtakuwa mnanitumia uji kwa boda boda. Ni hilo tu. Niliogopa kukaa peke yangu, nikaliuza jina lenu nisikose zile Ijumaa zenu.

Mungu awabariki. Wimbi lenu lisiote ukungu, mikono yenu isikose kazi, watoto wenu wasiogope kuwaambia mmekosea, nanyi mtakapozeeka msiwe... msiwe kama mimi. Sogeeni. Sella, huo ni mkono wako? Siwaoni vizuri. Usilie, Wanzala, wewe nenda kwa huyo mama... hapana, usiinuke. Ni kesho nilisema. Leo kaeni.