Dada Aliyekataa Kuomba Radhi kwa Kusema Asante

Ndugu, jamaa, majirani na mliofanya naye kazi, familia imemsimamisha hapa mdogo wa marehemu, yule anayemfuata kuzaliwa, asome maisha ya dada yake, naye ameagizwa asiruke kitu, hata kile ambacho baadhi ya wageni wetu wangependa kirukwe, kwa sababu marehemu hakuwa mtu wa kumung'unya maneno na hatutaanza kummung'unyia leo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mkewe mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, na tangu utotoni alikuwa na sauti kali, kiasi kwamba mama yetu akimtaka baba kutoka dukani alimwambia tu dada asimame mlangoni aite. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964, na sekondari kuanzia 1965 hadi 1968, ambako aliadhibiwa mara kwa mara kwa ubishi, na lazima tukiri kuwa mara nyingine alistahili.

Januari 1970 aliajiriwa kuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa ya mji, kwenye chumba kidogo chini ya ngazi, akakaa hapo hadi alipostaafu mwaka 2006. Tarehe 21 Agosti 1976 aliolewa na fundi umeme wa hospitali hiyohiyo, shemeji yetu huyu aliyeketi mbele, ambaye alitumwa kubadilisha taa ya chumba kile na kazi ikamchukua wiki nzima, nao wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja.

Shemeji ndiye aliyeleta nyumbani redio kuukuu ya kuzungumzia, akadhani ni yake, masikini. Mwaka 1984 dada alifanya mtihani wa redio ya ridhaa, ile inayowaruhusu watu wa kawaida kuzungumza hewani bila biashara wala malipo, akapata leseni ya daraja la chini, ambayo mwisho wake ni masafa ya karibu, pamoja na alama ya mwito, yaani jina lake la hewani, ambalo kanuni inamtaka mtu alitaje anapoanza, kila baada ya dakika kumi, na anapomaliza. Lake liliishia na herufi T, K na M, ambazo hewani husomwa Tango, Kilo, Maiki, basi majirani waliopita dirishani wakadhani anauza matango kwa kilo, mmoja akabisha hodi na kikapu kabisa, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Mama Matango, naye akaitika bila kinyongo.

Tarehe 9 Aprili 1997 mto ulivunja kingo, simu zote zikakatika, hospitali ikazingirwa na maji na wagonjwa wakabebwa mgongoni hadi orofa ya juu. Shemeji alivuka maji yakimfika kifuani, redio na betri ya gari vikiwa kichwani, akavipandisha juu ya paa, na dada, aliyekuwa zamu siku hiyo, akaita kwenye masafa yake ya karibu bila kujibiwa, kwa kuwa mji wote ulikuwa kwenye balaa lilelile. Ndipo akahamia masafa ya mbali, ambayo ni ya wenye daraja la juu peke yao, akajibiwa na mwalimu mstaafu aliyekaa nyuma ya milima, mwalimu akawaamsha waokoaji, boti zikaja, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepotea, wala kichanga. Muda wote huo alitaja jina lake la hewani kama kanuni inavyotaka, na boti ya mwisho ilipoondoka alibaki dakika nne kumshukuru mwalimu, akamwulizia watoto wake, akajitaja, akafunga.

Mwezi Juni kamati ya leseni ilimwita, na haikuhitaji mpelelezi, kwa maana ushahidi wote alikuwa ameutoa mwenyewe kwa kinywa chake. Wenzake walimshangaa, wakamwambia angenyamazia jina lake nani angemjua, naye akawajibu kwamba anayesema hewani bila kujitaja ni mwizi. Kamati ilikubali kwamba kuokoa maisha kunaruhusu kuvuka daraja, ikashikilia zile dakika nne tu, ikisema hatari ilikuwa imekwisha na shukrani si dharura, ikamfungia leseni hadi atakapotia saini mstari mmoja wa kuomba radhi. Dada alisema yuko tayari kumwomba radhi mtu yeyote aliyemkosea, aoneshwe huyo mtu. Hadi leo hajaoneshwa.

Tulimsihi, mama alimsihi, shemeji alimsihi kuliko sote, na mwalimu naye alituma ujumbe kwamba ni mstari mmoja tu, asaini, apande daraja, warudi kuzungumza. Hapo dada alilia, alilia jikoni amefungulia bomba ili tusimsikie, akanawa uso, na hakusaini. Mwaka 1999 alifanya mtihani wa daraja la juu akaufaulu, cheti kikazuiliwa vilevile. Kusikiliza hakuhitaji leseni, hivyo alichomoa maiki kwa mkono wake, akasikiliza kila jioni, na hakuiba hata neno moja. Kila Jumapili mwalimu alimsalimu hewani, akisema anajua Mama Matango anamsikia, bila kujibiwa, hadi mwaka 2011 alipofariki, na dada, aliyeketi mbele ya redio nzima isiyo na kasoro, hakuwa na ruhusa ya kusema pole. Hilo lilituuma, na bado linatuuma.

Mwaka 2018 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa katika hospitali ileile aliyoipigia kelele juu ya paa, na alfajiri ya tarehe 3 Oktoba 2019 alifariki dunia, shemeji akiwa amemshika mkono.

Jana wajumbe wa kamati walikuja nyumbani, kwa adabu tu, wakasema jina lake la hewani na daraja la juu vitarudishwa na kutangazwa hapa mbele yenu, endapo familia itasaini ule mstari kwa niaba yake. Tusidanganyane, baadhi yetu tulitaka, na kalamu ikapewa shemeji, aliyemsihi mkewe miaka yote hiyo, naye akaishika kidogo, akaifunga kifuniko, akawarudishia. Wageni wetu wa safu ya tatu, karibuni sana, chakula kipo, lakini jibu la familia ni hapana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliokesha nasi, na ninyi wa chumba cha simu mliombeba leo mabegani, asanteni, asanteni tena, tunalisema kwa sauti na hatutamwomba mtu radhi kwa kulisema. Dada, lala salama, upumzike kwa amani, hukumkosea mtu.