Msamaha wa Kodi ya Jenerali

Kijiwe chetu ni sofa. Mpangaji mmoja wa hapa Al Barsha, mtaa wetu huku Uarabuni, alihama akaiacha nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka, nasi tukaipokea kwa mikono miwili. Jumapili asubuhi Mzee Shihab, Mzanzibari tunayemwita Sheria kwa kuwa alisafisha ofisi ya mawakili miaka kumi na moja, huleta birika la kahawa na tende. Munir wa Mombasa ni Taipu. Anachapa fomu za viza ofisi ya barabara ya pili, na kwake karatasi isiyo na muhuri haijazaliwa. Jenerali ni Gerishom, aliyetoka jeshini Kenya akiwa koplo mwenye mguu mmoja. Wa pili ni wa plastiki. Analinda jengo huko Jumeirah Village Circle, na kampuni yake haijui, maana siku ya kupimwa afya walitaka damu na picha ya kifua tu. Mimi nakaa pembeni, nakunywa na kunyamaza, kazi ambayo hapo hakuna mwingine aliyeiomba.

Jumapili hii Jenerali alikuja na fomu. Kaunti ya kwao inasamehe kodi ya ploti kwa askari walioumia kazini. Mwisho ni Ijumaa. Akikosa, nyumba aliyoijenga kwa miaka saba ya huku itaingia kwenye orodha ya wadaiwa. Mkewe, mama Judy, aliyehamia humo mwaka jana, ameshaanza kuogopa watu wakibisha hodi.

Jenerali: Shida ni ukurasa wa tatu. Wanataka mwajiri aandike nina ulemavu, apige muhuri.

Taipu: Si umpelekee apige.

Jenerali: Nimwambie nini? Miaka saba nimesimama mbele yake nikiwa mzima.

Taipu: Huwa wasimama?

Jenerali: Nakaa kwa kamera. Lakini siku ya mahojiano nilisimama.

Sheria: Hujasema uongo, mwanangu. Hawakuuliza, khalas, yameisha. Sasa we anguka pale langoni, useme mguu umekatikia kazini. Watakulipa na barua watakupa.

Jenerali: Ukatike bila damu, mzee?

Sheria: Hilo la daktari kuuliza, si lako.

Taipu: Hayo marefu. Mimi ninao muhuri wa ofisini kwetu, wa Kiarabu. Huko kaunti nani atausoma?

Jenerali: Unasema nini huo muhuri?

Taipu: Kwamba tunafungua saa mbili mpaka saa saba, tena saa kumi mpaka saa tatu.

Sheria: Basi mwombe arbab, huyo bosi wako, akuazime ulemavu wa karatasi. Mwambie kwenu wanasamehe waliokatika miguu, nawe unataka ujaribu bahati. Atacheka, atapiga muhuri.

Hapo nilikaribia kusema kitu, nikakumbuka nafasi yangu.

Jenerali: Huku wakijua nina ulemavu nafukuzwa. Kule nikiwa mzima natozwa. Na mimi ni mtu mmoja tu.

Alisema polepole, akilisugua goti, na kweli nilimhurumia.

Ndipo akaja Peninah, msafishaji wa vyumba hotelini, aliyehamia ghorofa ya tatu wiki hiyo. Alipewa kikombe, akaomba fomu, akaanzia ukurasa wa kwanza, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifanya.

Peninah: Lakini hapa wameandika mwajiri au daktari wa jeshi. Cheti cha jeshi uko nacho?

Jenerali: Kiko kwa simu.

Peninah: Basi mwajiri wa nini?

Taipu alikunywa kahawa yake. Sheria akasema ndivyo alivyomaanisha tangu mwanzo.

Peninah akatoa kalamu, akaandika jina na nambari ya jeshi.

Peninah: Wanauliza kama unaishi kwa hiyo nyumba.

Jenerali: Ni yangu.

Sheria: Pesa zake zinaishi humo tangu msingi. Andika ndiyo.

Peninah: Sawa. Afisa atakuja kukagua kama panamfaa mtu wa mguu mmoja. Mlango wa mbele uko na ngazi ngapi?

Jenerali amekwenda likizo mara mbili, na mara zote mbili nyumba ilikuwa bado msingi. Alitoa simu, akatafuta kwenye picha. Paa lilikuwepo. Madirisha yalikuwepo, na mama Judy akishika pazia jekundu. Mlango nao ulikuwepo, ila mbele yake palikuwa na rundo la kokoto. Aliikuza picha hadi kokoto zikajaza kioo.

Taipu: Mpigie mama Judy.

Jenerali: Nimwambie nini? Nimuulize mimi nikifika kwangu huwa napanda ngazi ngapi?

Peninah aliuruka huo mstari. Uliofuata ulikuwa unauliza choo kiko ndani au nje.